Mbwa mwenye hofu anayejisaidia ndani usiku: mwongozo kwa mama na mlezi

Kwa ufupi

- Mbwa mkubwa aliyezoea kwenda nje akianza ghafla kujisaidia ndani, kwanza mpeleke kwa daktari wa mifugo. Huenda anaumwa.
- Mbwa mwenye hofu hajisaidii ndani kwa ukaidi. Kumpiga huongeza tatizo.
- Ratiba ya jioni isiyobadilika, kumtoa kwa kamba, na tuzo ya papo hapo ndiyo dawa kuu.
- Ondoa kinyesi siku hiyo hiyo. Mtoto anayetambaa ndiye aliye kwenye hatari zaidi.
- Mbwa akibadilika tabia ghafla na kuanza kung'ata au kutoa mate mengi, kaa naye mbali na utoe taarifa. Inaweza kuwa kichaa cha mbwa.

Mama, unaamka alfajiri kuchemsha uji wa mtoto. Unaweka mguu sakafuni na unakanyaga majimaji ya baridi. Ni mkojo wa mbwa, kwa mara ya tatu wiki hii. Mtoto wa miezi tisa yuko karibu kuamka, na akiamka hatambai mahali pengine ila hapo hapo. Baba wa nyumba amesema mbwa huyu aondoke mwisho wa mwezi. Mtoto mkubwa analia kila akisikia maneno hayo.

Mimi ni muuguzi wa jamii. Kazi yangu ni kutembelea kaya, kupima watoto na kuzungumza na walezi kuhusu usafi, lishe na chanjo. Mambo ya mbwa huletwa kwangu mara nyingi kuliko unavyodhani, kwa sababu sakafu ya mbwa na sakafu ya mtoto ni moja. Si daktari wa mifugo, na pale panapohitaji daktari huyo nitakuambia. Lakini sehemu kubwa ya kazi hii ni ya nyumbani, na mlezi aliyewahi kumfundisha mtoto kutumia poti tayari anaijua nusu yake.

Hatua ya kwanza: hakikisha si ugonjwa

Kabla hujasema "ana hofu" au "ana tabia mbaya", jiulize kama mwili wake uko sawa. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, au muulize afisa mifugo wa kata yako, ukiona moja kati ya haya:

- Anakojoa mara nyingi, kidogo kidogo, au analia akikojoa.
- Mkojo una damu au harufu kali isiyo ya kawaida.
- Anakunywa maji mengi kuliko zamani. Hii inaweza kuwa dalili ya kisukari au ugonjwa wa figo.
- Anaharisha, anatapika, au kinyesi kina minyoo, damu au utelezi.
- Anavuja mkojo akiwa amelala, bila kujua. Hutokea kwa baadhi ya mbwa majike waliofungwa kizazi na kwa mbwa wazee.
- Ni mzee na ameanza kupotea ndani ya nyumba aliyoizoea, au kuchanganya usiku na mchana.
- Anatumia dawa mpya. Baadhi ya dawa humfanya mbwa akojoe sana.

Angalia pia umri. Mbwa mdogo hana uwezo wa kubana mkojo usiku kucha. Kipimo cha kukadiria ni saa moja kwa kila mwezi wa umri wake: wa miezi miwili huweza kubana kama saa mbili, wa miezi mitatu kama saa tatu. Ukimfungia saa nane halafu ukamkasirikia, umemdai kitu asichokuwa nacho. Mbwa mkubwa mwenye afya kwa kawaida huweza kukaa saa sita hadi nane usiku.

Mbwa dume anayeinua mguu na kutoa mkojo kidogo kwenye ukuta, mlango au mguu wa kochi huenda anaweka alama ya eneo lake tu. Huyo mweleze daktari, kwa sababu kuhasiwa husaidia wengi wao.

Onyo ambalo usiliruke

Si kila mbwa anayebadilika tabia ana wasiwasi wa kawaida. Mbwa aliyekuwa mpole akawa mkali ghafla, au mkali akawa mpole kupita kiasi, anayetoa mate mengi, anayeshindwa kumeza, anayeyumba, anayebweka kwa sauti iliyobadilika au anayeng'ata vitu ovyo, anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Usimguse, usijaribu kumlisha kwa mkono. Watoe watoto, mfungie mahali alipo kama unaweza bila kumkaribia, kisha toa taarifa kwa afisa mifugo au ofisi ya serikali ya mtaa.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, hadi asilimia 99 ya maambukizi ya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutoka kwa mbwa, na katika kila watu kumi wanaong'atwa na mnyama anayeshukiwa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Ndiyo maana chanjo ya mbwa wako inakuja kabla ya mafunzo yote yaliyo kwenye ukurasa huu.

Utamjuaje mbwa mwenye hofu?

Mbwa hasemi, lakini mwili wake unasema. Mchunguze kuanzia jua linapozama:

- Mkia ameuficha katikati ya miguu, masikio ameyalaza nyuma.
- Anatembea huku na huku bila kutulia.
- Anahema kwa nguvu ingawa hakuna joto na hajakimbia.
- Anajilamba midomo au kupiga miayo mara kwa mara wakati hana njaa wala usingizi.
- Anatetemeka, anajificha chini ya kitanda au nyuma ya kochi.
- Anakufuata kila unapokwenda, na anakwaruza mlango ukiufunga.
- Anakataa kutoka nje usiku, au anatoka na kutaka kurudi mara moja.

Vyanzo vya kawaida ni kuhamia nyumba mpya, mtoto mchanga kuingia nyumbani, mtu aliyemzoea kuondoka, kupigwa siku za nyuma, radi, fataki za mkesha wa mwaka mpya, mbwa wengine wanaopita nje ya geti, au kubaki peke yake gizani. Mbwa aliyeokotwa barabarani anaweza kuwa na hofu ambazo hutajua zilianzia wapi. Huhitaji kujua. Unahitaji kujua ni nini kinaziamsha sasa.

Hofu inaletaje mkojo sakafuni?

Hapa ndipo familia nyingi hukosea, kwa hiyo tulia tuelewane. Kuna njia tatu.

Njia ya kwanza ni ya mwili. Umewahi kuona mtoto anayekimbilia chooni asubuhi ya mtihani? Woga husukuma matumbo na kibofu. Kwa mbwa ni vivyo hivyo. Radi ikipiga saa 8 usiku, anaweza kujisaidia pale alipo, na mara nyingi ni mkojo na kinyesi kwa pamoja.

Njia ya pili: mbwa alitolewa nje lakini hakujisaidia. Giza, upepo unaogonga bati, mbwa wa jirani wanabweka. Mbwa anayeogopa hainami kukojoa, kwa sababu akiinama hawezi kukimbia. Anabana. Anarudi ndani, anajisikia salama, mwili unalegea, na mkojo unatoka sebuleni dakika kumi baada ya wewe kufunga mlango. Wewe unasema, "Nimetoka kumtoa sasa hivi, ananifanyia makusudi." Hapana. Alisubiri mahali salama.

Njia ya tatu tunaitengeneza wenyewe. Mbwa akipigwa au kufokewa kwa sababu ya mkojo, haelewi kwamba kosa ni mahali. Anaelewa kwamba ni hatari kukojoa mbele ya mtu. Matokeo yake, ukimtoa kwa kamba usiku anakuangalia tu na habanduki miguuni pako. Ukilala, anakwenda nyuma ya kochi. Kadiri unavyompiga, ndivyo anavyojificha zaidi.

Na ule uso wa "anajua amekosa", macho chini, masikio nyuma? Si majuto. Amesoma hasira usoni mwako na anajaribu kukutuliza. Mkojo wa saa 9 usiku na kofi la saa 12 asubuhi havina uhusiano wowote kichwani mwake.

Mambo ya kuacha leo

- Usimpige, usimfokee, usimsugue pua kwenye mkojo.
- Usimnyime maji mchana kutwa. Katika joto letu ni hatari, na mbwa mgonjwa wa figo au kisukari anaweza kuzidiwa.
- Usimfunge kwa mnyororo mfupi usiku kucha. Humwongezea hofu.
- Usimpe dawa za binadamu ili alale. Panadol na dawa nyingine za maumivu zinaweza kumuua, na za usingizi hutolewa na daktari wa mifugo tu. Usimpe pombe.
- Usimtupe nje ghafla akalale huko "azoee". Anayeogopa giza hafundishwi na giza.

Andika kwa siku tano

Kabla ya kubadilisha chochote, chukua daftari, hata lile la mtoto lililobaki kurasa. Kila akijisaidia ndani andika: saa ngapi, wapi, mkojo au kinyesi, na nini kilitokea kabla. Kama hujui saa, andika saa uliyoukuta na kama ulikuwa bado una joto au umekauka.

Baada ya siku tano utaona mpangilio. Kwa mmoja ni kila saa 10 alfajiri. Kwa mwingine ni usiku wa mvua tu. Kwa mwingine ni siku ambazo alikula saa 4 usiku. Kila mpangilio una jibu lake, na daktari wa mifugo akiliona daftari hilo atakusaidia haraka zaidi.

Ratiba ya jioni na usiku

Huu ni mfano kwa familia inayolala saa 4 usiku. Sogeza saa zako, lakini ukishapanga usibadilishe, hata Jumamosi na Jumapili.

1. Saa 12 jioni: chakula. Mpe kwa wakati mmoja kila siku, na usimwachie mabaki yakakaa usiku kucha. Kinachoingia kwa saa maalumu hutoka kwa saa inayokadirika.
2. Saa 12:30 jioni: mtoe. Mbwa wengi hutaka haja baada ya kula. Bado kuna mwanga, na hofu ni ndogo.
3. Saa 1 hadi 2 usiku: mchoshe kidogo. Tembea naye au acha acheze uani. Mbwa aliyekaa kutwa hana usingizi.
4. Saa 3:45 usiku: mtoe mara ya mwisho, kwa kamba. Hata kama una ua wenye geti, tumia kamba na uende naye. Ukimfungulia mlango tu na kubaki ndani, hutajua kama amekojoa au amesimama mlangoni akisubiri.
5. Nendeni mahali pale pale. Harufu yake ya jana humkumbusha. Kama sakafu ya ndani ina vigae, usimpeleke kwenye saruji ikiwa kuna udongo au majani. Tofauti ya chini ya miguu humsaidia kutofautisha ndani na nje.
6. Sema neno moja. "Kojoa" inatosha. Familia yote itumie neno hilo hilo.
7. Simama, nyamaza, subiri dakika kumi. Usimkodolee macho. Geuka pembeni kidogo. Kwa mbwa aliyewahi kupigwa, kumtazama moja kwa moja ni kumtisha. Tumia kamba ndefu kidogo ili apate nafasi.
8. Akimaliza, mpe tuzo hapo hapo. Kipande kidogo cha ini lililochemshwa, dagaa mmoja au tonge la ugali wenye mchuzi usio na kitunguu, kwa maana kitunguu ni sumu kwake. Tuzo itolewe nje, ndani ya sekunde mbili. Ukingoja mpaka mrudi jikoni, umemzawadia kwa kurudi jikoni.
9. Asipokojoa, rudini ndani lakini usimwachie. Mweke karibu nawe kwa kamba dakika kumi na tano, kisha tokeni tena. Rudia mpaka afanye. Usiku wa kwanza unaweza kuchosha. Wa tano huwa mfupi.

Kumwamsha kabla hajaharibu

Kama daftari linaonyesha anajisaidia saa 10 alfajiri, tega simu ikuamshe saa 9:15. Mtoe kwa kamba, taa hafifu, bila michezo wala mazungumzo. Akikojoa, tuzo, kisha kulala. Usimgeuzie usiku kuwa sherehe.

Akipita usiku nne bila ajali, sogeza muda mbele kwa dakika kumi na tano. Usiku nne nyingine, tena dakika kumi na tano. Polepole utafika alfajiri unapoamka mwenyewe. Kukitokea ajali, rudi nyuma hatua moja. Kama unanyonyesha usiku, tumia saa hizo hizo za kunyonyesha, na mtu mzima mwingine amtoe mbwa. Hii si kazi ya mama peke yake.

Mahali pa kulala

Mbwa hupenda kutochafua anapolala, mradi pasiwe pakubwa mno na awe anatolewa kwa wakati. Mpangie kona moja: boksi imara lililolazwa ubavu, au sehemu iliyozungushiwa ubao, yenye gunia safi au shuka kuukuu. Awe na nafasi ya kusimama, kugeuka na kujinyoosha. Mwanzoni acha mlango wazi na umpe chakula humo, apapende. Usipafanye mahali pa adhabu.

Mbwa anayeogopa kuwa peke yake hupata nafuu akisikia watu. Kona yake iwe kwenye korido karibu na mlango wa chumba cha kulala badala ya stoo. Si lazima aingie chumbani, na asilale kitanda kimoja na mtoto mchanga. Mkitaka alale mbali zaidi baadaye, sogeza gunia lake hatua moja kila baada ya siku chache.

Kama nyumbani kuna wanaoswali, panga tangu mwanzo vyumba asivyoingia na uweke mlango au ubao. Mkubaliane mapema ili mbwa asiwe chanzo cha ugomvi kila alfajiri.

Kupunguza hofu yenyewe

*Anayeogopa giza la nje.* Wacha taa ya nje, au beba tochi. Anzeni kumtoa jioni kukiwa na mwanga, na kila siku mchelewe dakika chache. Mpe vipande vya chakula akiwa nje, hata kabla ya kukojoa, ili ua wa usiku uwe mahali pa mambo mazuri.

*Anayeogopa radi na fataki.* Mtoe mapema kabla mvua haijaanza au kabla ya saa 6 usiku wa mkesha. Funga madirisha na mapazia, washa redio kwa sauti ya kawaida, mwache ajifiche anapotaka. Ukimpapasa taratibu humwongezei woga kama watu wanavyosema, unamtuliza. Mbwa wengi hupotea usiku wa fataki, kwa hiyo mvalishe mkanda wa shingoni wenye namba yako ya simu.

*Anayeogopa kuachwa.* Mchana fanya mazoezi mafupi: toka, funga mlango, hesabu hadi tano, rudi bila kelele. Ongeza muda polepole. Usirudi akiwa ametaharuki. Punguza muda uliopita na uanze tena.

*Anayejikojolea ukimsogelea.* Huyo anakuomba amani. Usiiname juu yake. Chuchumaa kwa ubavu, nyamaza, mwache aje mwenyewe.

Kusafisha inavyotakiwa

Mbwa hurudi kwenye harufu yake, na pua yake inanusa usichonusa wewe. Fuata mpangilio huu:

1. Vaa glavu, au mfuko wa plastiki mikononi.
2. Okota kinyesi na ukitupe kwenye choo cha shimo au ukifukie mbali na bustani ya mboga na kisima. Mkojo ukaushe kwa kitambaa kwa kukandamiza, bila kusugua.
3. Osha kwa maji ya sabuni, suuza vizuri.
4. Pakaa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, acha dakika kumi, futa, acha pakauke. Madukani kuna dawa maalumu za kuvunja harufu ya mkojo wa wanyama; ukizipata ni bora zaidi.
5. Nawa mikono kwa sabuni.

Usitumie sabuni zenye amonia, kwa sababu harufu yake inafanana na mkojo na humwita arudi. Na usichanganye kamwe dawa ya klorini, ile wengi huiita jiki, pamoja na siki, amonia au mkojo ambao haujaoshwa. Mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu inayochoma mapafu, na mtoto mdogo huumia haraka kuliko wewe.

Kumlinda mtoto

Kinyesi cha mbwa kinaweza kubeba mayai ya minyoo. Minyoo aina ya toksokara ikimwingia mtoto haikui tumboni kama ile ya kawaida. Viluwiluwi vyake huzunguka mwilini na vinaweza kuleta homa, kikohozi, kuvimba ini au kuharibu jicho. Habari njema ni hii: mayai hayo yanapotoka hayaambukizi bado. Huhitaji wiki mbili au zaidi kukomaa. Ukiokota kinyesi siku hiyo hiyo, umekata mzunguko. Dawa za kuua vijidudu haziyaui kirahisi, hivyo kuondoa ndiko kunakookoa, si kupulizia.

Minyoo ya safura ya mbwa hupenya ngozi ya mtoto anayecheza peku na kuacha mstari mwekundu unaowasha na kutambaa kama njia ya nyoka. Ukiuona, mpeleke kituo cha afya. Mkojo wa mbwa mgonjwa, kama wa panya, unaweza pia kubeba vijidudu vya leptospira vinavyoingia kupitia mikwaruzo.

Kwa hiyo:

- Mbwa apewe dawa ya minyoo: mtoto wa mbwa kuanzia wiki mbili za umri na kurudia kama daktari atakavyopanga, mkubwa kila baada ya miezi mitatu.
- Achanjwe kichaa cha mbwa, kwa kawaida kuanzia miezi mitatu, na kurudia kwa wakati.
- Mtoto atambae kwenye mkeka unaofuliwa, asiouvuka mbwa.
- Watoto wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kucheza na mbwa.
- Dawa ya minyoo ya mtoto kliniki haimaanishi usafi wa kinyesi unaweza kusubiri.
- Mama mjamzito anaweza kuishi na mbwa. Ugonjwa wa toksoplasma unaoonywa wakati wa ujauzito unahusu zaidi kinyesi cha paka na nyama isiyoiva. Hata hivyo, mwingine akiweza kuokota kinyesi, ni vizuri zaidi.
- Mtoto asimsogelee mbwa anapojificha, anapokula au anapolala. Mbwa mwenye hofu asiye na pa kukimbilia hung'ata.

Mtoto aking'atwa, kukwaruzwa, au kulambwa kwenye kidonda, osha mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usipake pilipili, mafuta, majivu wala dawa ya mizizi. Nenda hata kama mbwa ni wako.

Itachukua muda gani?

Kwa mbwa mwenye afya, familia inayoshika ratiba mara nyingi huona ajali zikipungua ndani ya wiki mbili hadi nne. Hofu kubwa huchukua miezi. Tarajia kurudi nyuma mvua zikianza, mgeni akija au mkihama. Kurudi nyuma si kushindwa.

Rudi kwa daktari wa mifugo kama umefuata ratiba wiki nne bila mabadiliko, kama mbwa anajiumiza akikwaruza mlango, hali chakula, au ananguruma kwa watoto. Kuna dawa za hofu za mbwa zinazotolewa na daktari pamoja na mafunzo haya.

Na kama baada ya yote familia haiwezi, sema mapema na umtafutie nyumba nyingine yenye watu wanaomjua hali yake. Usimwache barabarani. Mbwa aliyetupwa hachanjwi, na atakutana na mtoto wa mtu mwingine.

Usiku wa leo anza hivi

Usisubiri wiki ijayo. Leo: tafuta daftari na kamba. Mpe chakula saa 12 jioni. Chemsha kipande cha ini ukikate vipande kumi. Saa 3:45 usiku tokeni pamoja, simama pembeni, nyamaza. Akikojoa, mpe kipande chake hapo hapo umwambie "vizuri" kwa sauti ya chini. Kesho mpigie afisa mifugo uulize tarehe ya chanjo. Ukiikuta sakafu kavu asubuhi, mshukuru pia yule aliyeamka saa 9 kumtoa.